Mkosaji Mgonjwa wa Akili Akifikiriwa Ruhusa ya Kutoka: Ipi Haki ya Aliyedhulumiwa?



Sifa zote njema ni za Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama ba'ad:

Yapo masuali ambayo watu huyauliza kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka. Moja katika hayo huwa hivi: mtu ameua au amejeruhi, mahkama imeona kuwa hakuwa na akili timamu, hakufungwa jela bali amepelekwa hospitali. Miaka imepita. Sasa jamaa wa aliyeuliwa wanasikia kwamba yule mtu ameanza kutolewa nje. Mara ameonekana sokoni, mara ameonekana kwao siku ya Idi. Hakuna aliyewaambia chochote. Wanauliza: Je, tulikuwa na haki ya kuambiwa? Je, tulikuwa na haki ya kusema neno kabla hajatolewa? Na kama moyo unakataa kumuona, hiyo ni dhambi, maana yeye ni mgonjwa?

Suali hili lina pande mbili. Uko upande wa mgonjwa, ambaye Sheria yetu imemuondolea lawama. Na uko upande wa aliyedhulumiwa, ambaye haki yake haikufutika kwa sababu tu aliyemdhulumu hakuwa na akili. Watu wengi hushika upande mmoja na kuusahau wa pili. Makala hii tumeiandika ili pande zote mbili zionekane, na tumechukua mfano wa nchi moja ambayo imeliandika jambo hili katika sheria zake hatua kwa hatua. Nchi hiyo ni New Zealand.

Kwa nini New Zealand?

Wasomaji wetu wengi waliijua nchi hiyo siku ya Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, pale Waislamu 51 walipouawa katika misikiti miwili ya mji wa Christchurch, Masjid An-Nur na msikiti wa Linwood. Tuliwaombea dua katika misikiti yetu, na Allah awarehemu. Muuaji yule alikuwa na akili zake, alikiri makosa yote, na mwezi wa Agosti 2020 alihukumiwa kifungo cha maisha bila ya nafasi ya kuachiwa mapema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa hukumu hiyo kutolewa nchini humo. Kabla ya hukumu, kwa siku kadhaa, wajane, mayatima, wazee na majeruhi walisimama mbele yake mmoja baada ya mwengine wakaeleza alichowafanyia. Wengine walimwambia wamemsamehe, na wengine walimwambia hawamsamehe. Wote walisikilizwa.

Haki ile ya kusimama na kusema haikubuniwa kwa ajili ya kesi ile. Imo katika Sheria ya Haki za Waathirika ya mwaka 2002. Na sheria hiyo haiishii kwa wale waliodhulumiwa na mtu mwenye akili timamu. Inawafikia pia wale ambao aliyewadhulumu hakwenda jela, bali amewekwa katika matunzo ya lazima. Hapo ndipo linapoingia suali letu.

Matunzo ya lazima ni nini?

Huko New Zealand, mtu akishitakiwa kwa kosa na ikaonekana kuwa akili yake ina kasoro, mahkama hutazama mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza: je, wakati wa kesi anaweza kuelewa anachoshitakiwa na kujitetea? Kama hawezi, hasomewi hukumu kama watu wengine. Hata hivyo mahkama kwanza hulazimika kuridhika kwamba kitendo kile ni yeye aliyekitenda. Haitoshi kusema "huyu mgonjwa" na kesi ikaishia hapo.

La pili: je, wakati wa kitendo alikuwa na akili? Kama ilithibitika kuwa alikuwa mwendawazimu, zamani uamuzi uliandikwa kwamba hana hatia kwa sababu ya uwendawazimu. Mwaka 2021 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mahsusi kwa ajili ya waathirika wa watu wa aina hii, na jina la uamuzi likabadilishwa. Sasa mahkama husema kwamba kitendo kimethibitika, lakini mtendaji hana jukumu la jinai kwa sababu ya uwendawazimu.

Mtu anaweza kudhani kuwa hayo ni maneno tu. Lakini fikiria mama aliyemzika mwanawe, amekaa mahkamani, anamsikia jaji akisema aliyemuua "hana hatia". Mama huyo hutoka akihisi kama kwamba mwanawe hakuuliwa na mtu. Maneno mapya hayampeleki mgonjwa jela wala hayamuongezei adhabu. Yanachofanya ni kusema ukweli wote: kitendo kimetokea, aliyekitenda ni huyu, na hakukitenda kwa akili yake.

Baada ya uamuzi huo, mahkama inaweza kumpeleka mtu katika njia mbili kuu za ulinzi mkali. Akiwa na maradhi ya akili, anazuiliwa hospitali kama mgonjwa maalumu chini ya sheria ya afya ya akili ya mwaka 1992. Akiwa na ulemavu wa akili, yaani mtu ambaye tangu udogoni mwake uelewa wake ni mdogo mno na hawezi kujiendeshea maisha yake, anazuiliwa katika nyumba ya matunzo yenye ulinzi, chini ya sheria nyengine ya mwaka 2003 iliyoanza kutumika Septemba 2004. Sheria hizi mbili zimetenganishwa kwa sababu maradhi huweza kutibika, ama ulemavu wa aina hii haundoki kwa dawa. Mwenye ulemavu anahitaji kufundishwa, kuzoeshwa na kuangaliwa.

Na muda wake je? Yule ambaye hakuweza kusimama kesi, kama kosa lake lilikuwa la kustahiki kifungo cha maisha, huzuiliwa katika hadhi hiyo kwa miaka isiyozidi 10. Makosa mengine ni nusu ya kifungo cha juu kabisa cha kosa lile. Ama yule aliyeonekana mwendawazimu wakati wa kitendo, hana tarehe ya mwisho. Hukaa mpaka Waziri wa Afya aridhike kwamba si lazima tena kumzuia, kwa maslahi yake mwenyewe na kwa usalama wa watu. Huenda ikawa miaka mitano, huenda ikawa ishirini.

Ruhusa ya kutoka hutolewa vipi?

Hospitali si jela, na makusudio ya kumuweka mtu pale ni atibiwe mpaka aweze kuishi na watu. Kwa hiyo haiwezekani mtu akae ndani miaka kumi kisha siku moja afunguliwe mlango aende zake. Hilo lingekuwa hatari kwake na kwa wengine. Badala yake huanza kutembezwa ndani ya eneo la hospitali akiwa na mhudumu. Akionekana yuko sawa, hutoka nje na mhudumu, pengine kununua kitu dukani au kuonana na mama yake. Baadae hutoka peke yake kwa saa chache. Kisha hulala nje usiku mmoja. Mwisho, baada ya muda mrefu, huruhusiwa kuishi nje kabisa huku akiendelea kufuatiliwa na kutumia dawa zake.

Kila hatua ina mwenye mamlaka yake. Kwa mgonjwa maalumu, ruhusa fupi isiyozidi siku 7 hutolewa na Mkurugenzi wa Afya ya Akili. Ruhusa ndefu hutolewa na Waziri wa Afya mwenyewe, na haitolewi mpaka madaktari wawili wathibitishe kwamba mgonjwa anafaa kuwa nje ya hospitali. Ruhusa huwekewa masharti: wapi atalala, nani atamuangalia, wapi haruhusiwi kufika. Akivunja masharti, au hali yake ikibadilika, hurejeshwa. Kwa wale wenye ulemavu wa akili walio chini ya matunzo ya lazima, upo utaratibu wa namna hiyo hiyo.

Tunaomba msomaji aizingatie hatua moja tu katika hizi, nayo ni ile ya kutoka peke yake bila ya mhudumu. Kwa daktari, hiyo ni dalili njema ya matibabu. Kwa mgonjwa, ni siku ya furaha. Lakini kwa mwanamke aliyewahi kukatwa panga na mtu yule, hiyo ndiyo siku ambayo anaweza kugeuka katika foleni ya duka akamkuta nyuma yake. Ruhusa ni ile ile moja, na wanaoipokea ni watu watatu. Sheria ikimuangalia daktari na mgonjwa tu, huyu wa tatu anaachwa peke yake.

Haki nne za aliyeathirika

Sheria za New Zealand zinampa mtu huyu wa tatu mambo manne.

Kwanza, haki ya kusajiliwa. Lipo daftari la waathirika wanaotaka kuarifiwa. Si kila kosa linaingia. Yanaingia makosa mazito: ya kuingiliwa kwa nguvu na mashambulizi makubwa, yaliyosababisha jeraha kubwa au kifo, na yale yaliyomuacha mtu na khofu ya kweli, yenye sababu, juu ya usalama wake au wa watu wake. Kama aliyedhulumiwa amekufa, jamaa zake wa karibu husimama mahala pake. Kama ni mtoto, mzazi au mlezi husimama. Na katika jambo la kupendeza, sheria ile haikuifunga familia kwa baba, mama na watoto peke yao. Imewatambua pia jamaa wa ukoo kwa mujibu wa desturi za watu wenyewe, kwa sababu Wamaori, wenyeji asili wa nchi ile, wana ukoo mpana kama tulivyo sisi.

Usajili huu hauji wenyewe. Mtu huuomba, na huupitisha kwa Polisi. Anayeona uzito wa kupokea barua hizo mwenyewe anaweza kumteua mtu amuwakilishe, awe kaka, mjomba au rafiki anayemuamini.

Pili, haki ya kuarifiwa. Aliyesajiliwa huarifiwa pale mkosaji anapokaribia kupewa ruhusa ya kutoka bila ya msindikizaji, anapotaka kuachiwa, akitoroka, na hata akifa. Jukumu la kutoa taarifa hii liko juu ya mamlaka za afya zinazomshikilia mgonjwa. Haiachiwi familia iende ikaulize mlangoni.

Tatu, haki ya kusikilizwa. Hili ndilo lililotiwa nguvu na sheria ya mwaka 2021. Zamani aliyedhulumiwa na mtu aliyekwenda jela aliweza kupeleka maoni yake kwenye bodi inayozingatia kumuachia mfungwa mapema. Ama aliyedhulumiwa na mgonjwa wa akili alikuwa akipokea taarifa tu, tena baada ya watu kukaa na kuamua. Msiba wao ni mmoja, lakini mmoja alikuwa na mdomo na mwengine hana. Sheria mpya ilikusudia kuondoa tofauti hiyo, ili waathirika waliosajiliwa nao watoe maoni yao pale mamlaka zinapofikiria ruhusa ya mgonjwa au kubadilisha hadhi yake.

Ni nini mtu husema katika maoni hayo? Si kazi yake kusema kama mgonjwa amepona, hilo ni la madaktari. Yeye husema anayoyajua yeye: kwamba duka lake liko mtaa fulani na anaomba mtu yule asipite hapo, kwamba watoto wanasoma skuli fulani, kwamba mmoja wao mpaka leo halali usiku. Mambo haya daktari hawezi kuyaona katika faili la mgonjwa. Na yakijulikana, ruhusa inaweza kutolewa kwa masharti yanayomlinda huyu bila ya kumvunja yule.

Nne, haki ya kufichiwa makaazi yake. Anwani anayoiandikisha katika daftari haipewi mkosaji. Hii ni ahadi ndogo kwa maneno, lakini bila yake hakuna ambaye angethubutu kujisajili.

Mipaka ya haki hizo

Tungekuwa hatukusema kweli lau tungeishia hapo, kwa sababu haki hizi zina mipaka, na familia nyingi huumizwa kwa kutoijua mipaka hiyo mapema.

Kusikilizwa si kuamua. Aliyeathirika hana kura ya kuzuia ruhusa. Waziri au Mkurugenzi anaweza kuyasoma maoni yake yote, akayazingatia, kisha akatoa ruhusa. Hili huwauma watu, lakini ndiyo maana halisi ya kusema kwamba mtu yule yuko hospitali kwa ajili ya tiba. Kama kutoka kwake kungetegemea ridhaa ya waliofiwa, basi matibabu yangegeuka kifungo kisicho na mwisho, na mzigo wa kumfunga ungekuwa juu ya shingo ya mjane.

Pia aliyeathirika haelezwi maradhi ya mgonjwa, dawa anazotumia wala anapoishi kwa undani wake. Siri ya mgonjwa inabaki kuwa siri. Huambiwa kile kinachogusa usalama wake tu.

Na la mwisho, aliyehama nyumba au kubadilisha nambari ya simu bila ya kutoa taarifa anaweza kukosa kuarifiwa. Barua itakwenda nyumba aliyohama, na yeye atamkuta mtu yule njiani bila ya kutarajia. Daftari hufanya kazi kwa yule anayelishughulikia.

Sheria ya Kiislamu inalionaje jambo hili?

Wapo wanaodhani kuwa kuzungumza habari ya haki za waathirika ni mambo ya kigeni. Sivyo. Wanavyuoni wetu wameyatenganisha mambo haya tokea zamani.

Kwanza, wamekubaliana kwamba mwendawazimu hana taklifu. Hadithi mashuhuri ya kunyanyuliwa kalamu imewataja watu watatu ambao hawaandikiwi: mtoto mpaka abaleghe, aliyelala mpaka aamke, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Kwa hiyo hana dhambi kwa alilolitenda katika hali hiyo, na hachukuliwi kisasi. Anayemwita "muuaji aliyelaaniwa" anamzulia jambo ambalo Mola wake hakumuandikia.

Pili, pamoja na hayo, wanavyuoni hawakusema kwamba aliyeuliwa amepotea bure. Haki zimegawika: ipo haki ya Allah na ipo haki ya mja. Mwendawazimu akiharibu mali ya mtu, mali hiyo hulipwa kutoka katika mali yake, na walii wake ndiye anayelipa kwa niaba yake. Akiua, jamhuri ya wanavyuoni wamelihisabu tendo lake kuwa ni kama kuua kwa kukosea, na diya huchukuliwa na 'aaqila, yaani jamaa zake wanaume wa upande wa baba. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yaliyoenea kwetu, kuna ufafanuzi kuhusu yule ambaye bado ana kiasi fulani cha kupambanua. Lakini katika hali zote mbili diya ipo. Lililo na khilafu ni nani ailipe.

Tazama jinsi jambo hili linavyofanana na maneno mapya ya mahkama za kule: kitendo kimethibitika, na mtendaji hana jukumu la jinai. Fiqhi yetu iliyasema mambo hayo mawili kwa pamoja bila ya moja kulifuta la pili. Kalamu imenyanyuliwa juu ya mgonjwa, na diya imesimama kwa ajili ya maiti.

Tatu, aya ya 33 ya Suratul Israa inatufundisha kuwa aliyeuliwa kwa dhulma, walii wake amepewa madaraka, kisha akakatazwa kupindukia mipaka. Na aya ya 92 ya Suratun Nisaa, inayohusu kuua kwa kukosea, imeamrisha diya ifikishwe kwa watu wake, isipokuwa wakisamehe wenyewe. Hata pale ambapo hakuna aliyekusudia, familia haikuachwa pembeni: hupelekewa haki yao, na wao ndio wenye kauli ya kusamehe. Mwenye kauli ya kusamehe hawezi kuwa mtu wa mwisho kujua kinachoendelea.

Nne, ipo kanuni kubwa ya kutodhuru wala kudhuriana. Walii wa mwendawazimu anawajibika kumzuia asidhuru watu. Kumtoa nje bila ya uangalizi, hali ya kuwa anajua khatari yake, ni kuacha wajibu huo. Na kumfungia ndani maisha yake yote, hali ya kuwa amepata nafuu na wataalamu wamethibitisha, ni kumdhuru yeye. Ruhusa ya hatua kwa hatua, yenye masharti na yenye kuwasikiliza walioumizwa, iko karibu zaidi na kanuni hii kuliko njia zote mbili za mkato.

Ama lile suali la moyo unaokataa kumuona: hiyo si dhambi. Binaadamu hakukalifishwa asihisi uchungu. Kinachokatazwa ni kuutia uchungu huo mkononi au ulimini ukawa dhulma. Na kusamehe ni jambo lenye malipo makubwa kwa Allah, lakini aliyesamehe hapotezi haki yake ya kujua na kulindwa. Mtu anaweza kusema "nimemsamehe kwa ajili ya Allah" na papo hapo akasema "naomba niambiwe siku atakayotoka". Maneno haya mawili hayagombani.

Kwetu visiwani

Katika nchi yetu misingi ya jambo hili ipo. Kwa Tanzania Bara, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaipa mahkama uwezo wa kutoa uamuzi maalumu kwamba mshitakiwa alikitenda kitendo lakini alikuwa mwendawazimu, na wagonjwa wanaopelekwa na mahkama hutunzwa Isanga, Dodoma, chini ya hospitali ya Mirembe. Hapa Unguja hospitali yetu ya maradhi ya akili inajulikana na kila mtu, ni Kidongo Chekundu. Mahkama za Kadhi kwetu zinashughulikia mambo ya ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, hazisikilizi kesi za jinai. Kwa hiyo anayekwenda kwa Kadhi kudai diya ya mtu aliyeuliwa atarudishwa. Ila hakuna kinachozuia koo mbili kukaa mbele ya masheikh na wazee zikapatana kwa hiari.

Lakini visiwani mwetu kuna jambo ambalo nchi kubwa hazina: sote tunajuana. Mgonjwa anayetoka hospitali harudi katika mji ambao hajulikani. Anarudi Makunduchi, au Wete, au Chake Chake, katika mtaa ule ule, msikiti ule ule, mfereji ule ule wa maji. Mjane wa aliyeuliwa huenda ni jirani wa tatu. Huenda wameoana katika koo. Udogo wa visiwa unaweza kuwa rehma, kwa kuwa taarifa inaweza kufika kwa miguu, bila ya daftari wala barua. Na unaweza kuwa adhabu, pale kila mtu anapojua kuwa fulani amerudi isipokuwa yule aliyepaswa kuambiwa wa kwanza.

Nasaha zetu

Kwa familia iliyodhulumiwa: hifadhini nambari ya kesi na karatasi zote za mahkama, hata kama hamtaki kuziona. Mteueni mtu mmoja katika familia, mwenye subira na kauli nzuri, awe ndiye anayefuatilia kwa Polisi na kwa ofisi ya mashtaka, ili mama mwenye msiba asilazimike kuyarudia maelezo yale kila mara. Ulizeni mapema, kabla ya uvumi, na toeni khofu zenu kwa maneno mahsusi: mahala gani, watoto gani, saa gani. Na msijichukulie hatua wenyewe. Anayempiga mgonjwa aliyetoka hospitali kwa ruhusa ameanza dhulma mpya, na hiyo kalamu itaiandika.

Kwa familia ya mgonjwa: msimrejeshe kimya kimya. Tunajua mna aibu, na tunajua mmechoka. Nanyi pia mmefikwa na mtihani. Lakini nendeni, au mtumeni mzee au sheha, akawaambie jamaa wa aliyedhulumiwa kwamba fulani ameruhusiwa, atakaa nyumba fulani, anaangaliwa na fulani, na dawa zake anazitumia. Hakikisheni kweli anazitumia. Kuacha dawa kwa kusema kuwa amepona, au kwa kuwa anasomewa kisomo, ni kuwacha sababu aliyoiweka Allah. Kisomo cha Qur-aan na dawa ya daktari vinakwenda pamoja.

Kwa masheikh na maimamu wetu: msiwaharakishe waliofiwa kusamehe. Msamaha unaoshinikizwa mbele ya watu hauna utamu, na mara nyingi hurudi kuwa chuki. Wasikilizeni kwanza.

Na kwa wenye mamlaka: kumuarifu aliyeumizwa kabla ya kumruhusu aliyemuumiza hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji mtu mmoja apewe jukumu hilo kwa jina, na ulizwe akilisahau.

Tukirudi kwa yule aliyeuliza kwa sauti ya chini: ndiyo, ndugu yetu, kuambiwa ni haki yako, na kusikilizwa ni haki yako, kwa mizani ya Sheria yetu na kwa mizani ya watu waadilifu popote walipo. Uamuzi wa kumtoa ni wa wenye ujuzi na mamlaka, na Hisabu ni ya Allah. Lakini hakuna haja ya wewe kumjua mtu aliyetoka kwa kukutana naye njiani.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) awarehemu waliokufa kwa dhulma, awaponye wagonjwa wetu, awape subira wenye misiba, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutoa haki za watu kabla hazijadaiwa Siku ya Kiyama. Aamiyn.

Wa Allahu A'lam.